Koki ya Sabato

Ukungu wa Nyansiongo hauna adabu. Huingia bila hodi, hukaa mahali unapopenda, na Jumapili ile ulikuwa umeteremka hadi kijitoni, chini ya shamba la marehemu Abner Machogu, ukalifunika trekta lake la kijivu nusu nusu. Magurudumu yalionekana, bodi ikapotea, kisha bodi ikatokea na magurudumu yakapotea.

Sajini Celestine Kemuma wa upelelezi alisimama kwenye mawe ya kivuko akaungoja ukungu uamue. Hakuwa mtu wa pupa. Wenzake kituoni walimtania kwamba akitumwa kumkamata konokono, konokono angemngoja. Lakini leo alijua kwamba kesho asubuhi fundi Owino angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo cha mzee huyu, na Kemuma hakuamini kwamba Owino alikuwa na hatia. Kutoamini si ushahidi, na ndiyo maana alikuwa hapa na viatu vilivyolowa.

Fundi mwenyewe alikuwa kando yake, mikono mbele, ndani ya pingu. Owino alikuwa mtu wa kutoka kule ziwani, aliyefungua gereji yake sokoni Nyansiongo miaka mingi iliyopita na kujipa mwenyewe cheo cha daktari wa kabureta. Kwa kawaida alikuwa msemaji. Tangu jana jioni, vijana walipoizingira gereji yake wakitaka kuichoma, na polisi kumwondoa kwa mlango wa nyuma, alikuwa amesema maneno machache tu. Juu kabisa, kwenye lango la shamba, mkewe Syprose alikaa juu ya jiwe na chupa ya chai ndani ya leso. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amelifuata gari la polisi kwa miguu.

"Nieleze tena," Kemuma alisema.

"Nimeeleza Inspekta mpaka nikachoka, Afande."

"Mimi sijachoka."

Owino alipumua. "Alhamisi nilikuja hapa. Mzee aliniita, akasema trekta inakohoa. Nikafungua kabureta, nikaosha, nikarudisha, nikaseti petroli na hewa. Ikaimba. Mzee alicheka. Nikaenda. Jumamosi nasikia imeua yeye."

Mkuu wa Kemuma, Inspekta Omosa, alikuwa na hadithi fupi zaidi, na hadithi fupi huvutia wakubwa. Kwa maoni yake, fundi alikaza skrubu ya petroli kupita kiasi. Jumamosi, watu wakiwa kanisani, mzee aliyebaki nyumbani kwa ajili ya kifua alilitoa trekta, akavuka kijito, akaanza kupanda ukingo wa pili kuelekea barabarani. Injini ikakosa petroli, ikazima, trekta likarudi nyuma, mzee akaanguka chini ya gurudumu. "Njia ya mwongo ni fupi," Omosa alimaliza, akifunga faili. "Peleka mtu mahakamani."

Kemuma aliuona mwili jana alasiri kabla haujaondolewa, na vitu viwili vilikuwa vimekataa kutoka kichwani mwake. Mzee Abner alikuwa amelala nyuma ya gurudumu la kushoto, na kando ya mkono wake palikuwa na jiwe kubwa, la aina iliyopangwa kwenye njia ya uani, si mawe laini ya kijitoni. Mtu aliye kwenye usukani habebi jiwe. Na begani alikuwa amejitwika kamba ndefu ya katani, imekunjwa vizuri. Omosa alisema mwenye ng'ombe hakosi kamba. Huenda. Lakini mwenye ng'ombe yule alikuwa pia mzee wa kanisa la Waadventista, na siku ile ilikuwa Sabato, siku yao ya kutofanya kazi.

Ukungu ukasogea. Trekta likabaki peke yake, pua juu kuelekea barabarani, gurudumu la nyuma limeegemea shina la mkaratusi.

"Kama skrubu imekazwa sana, tutajuaje?" Kemuma aliuliza.

Kwa mara ya kwanza siku ile, daktari wa kabureta alinyanyua kichwa. "Ukikaza, petroli inapungua, hewa inazidi. Injini inapiga chafya. Ukipanda mlima inakosa nguvu, inakufa. Na ukitoa plagi, utapata iko nyeupe, kama jivu."

"Ukilegeza sana?"

"Petroli inazidi. Moshi mweusi, harufu mbaya, na bado mlimani inaweza kujinyonga ikufe. Lakini plagi itakuwa nyeusi. Nyeusi kama sufuria ya kuni."

"Basi toa plagi."

Owino alimtazama, kisha akazitazama pingu. Kemuma alifungua mkono mmoja, akaiacha pingu ikining'inia kwenye mkono wa pili. Hiyo ilikuwa kinyume cha kanuni, na alijua. Akampa spana.

Fundi alifanya kazi polepole, akiifuta kila plagi kwa kidole kabla ya kuiweka juu ya bodi. Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili nyeusi. Alipofika ya mwisho, masizi yalikuwa yamemfika hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Hii si kazi yangu," alisema kwa sauti ndogo. Aliinama, akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya kabureta, akaigusa tu. Skrubu ikacheza. "Afande, mtu amelegeza hii mpaka karibu ianguke! Mimi siwezi. Hata nikiwa mlevi siwezi, na mimi sinywi."

"Labda uliiacha hivyo Alhamisi."

"Basi Ijumaa yote ingetoa moshi. Uliza mama ya hapa kama aliona moshi."

Kemuma alifurahi kimoyomoyo. Hilo ndilo swali alilokuwa anakuja kuuliza.

Nyakerario, mjane, alikuwa ameshaanza kuteremka mwenyewe. Alikuja kwa fimbo, akiwa amejifunga shuka mbili, na nyuma yake ng'ombe wake walisimama malishoni, vivuli vyeupe na vyeusi ndani ya ukungu, wakitafuna kana kwamba duniani hakujatokea lolote. Kemuma alimsalimu kwa Ekegusii na kumpa pole, kisha wote wakahamia Kiswahili ili Owino asiachwe nje. Mjane aliiona pingu iliyoning'inia mkononi mwa fundi, akageuza macho.

"Omong'ina, mama, Ijumaa trekta lilifanya kazi?"

"Lilifanya. Alileta nyasi ya ng'ombe kutoka kule juu, safari nyingi. Alikuwa anajisifu. Alisema sasa linakunywa kidogo kuliko yeye anavyokunywa chai."

"Uliona moshi mweusi?"

"Moshi?" Nyakerario alifikiri. "Ijumaa ni siku ya maandalizi, mwanangu. Nilifua nguo za kanisa nikazianika pale kando ya banda, shati lake jeupe na gauni langu jeupe. Trekta lilipita hapo mchana wote. Nilianua jioni, hakukuwa na hata doa. Kama lingetoa moshi ningempigia kelele, na yeye angejua siku hiyo." Akaiegemea fimbo yake, akasema, "Lile shati ndilo tutamzika nalo."

Owino aliinamisha kichwa.

"Jioni alilizima vipi?" Kemuma aliuliza.

Mjane alitabasamu kidogo, kwa huzuni. "Kama kila Ijumaa. Jua likikaribia kuzama, anafunga ile koki yake ya petroli, analiacha lingurume mpaka limalize kile kilichobaki ndani lizime lenyewe. Hakupenda kulizima kwa mkono. Alisema hata petroli ipumzike Sabato. Mimi nikiwa jikoni nikisikia limekufa, najua Sabato imeingia, natoa sufuria motoni."

"Koki ipi?"

Nyakerario alimtazama Owino, na fundi akasogea kwenye trekta. Chini ya tangi palikuwa na koki ya shaba, imechakaa, inaonekana na kila mtu. "Hii ya zamani iko wazi siku zote. Haifungi tena, imekwisha. Mwaka jana mzee alisema wajukuu wanachezea, nimtafutie ingine na nifiche." Aliingiza mkono nyuma ya sanduku la vifaa, mahali ambapo jicho halifiki, akavuta kipande cha mpira mweusi wa tyubu. Chini yake palikuwa na koki ndogo. "Yeye aliita koki ya Sabato."

"Iko wazi au imefungwa?"

Owino aliipapasa. "Wazi."

"Nani anaijua?"

"Mzee, mimi, na huyu fundi," mjane alisema. "Wajukuu hawajui. Hata Ochoki hajui, yeye ni mtu wa Nyanchwa siku hizi."

Ochoki alikuwa mtoto wao wa kiume wa pekee. Alihamia Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, muda mrefu uliopita, na alikuja nyumbani, kama alivyosema mama yake bila uchungu, akiwa na shida au akiwa na wageni. Leo alikuwa amekwenda sokoni kutafuta mahema ya matanga.

"Ni yeye anasema hili trekta liondoke leo," Nyakerario aliongeza. "Anasema hawezi kumzika baba yake huku analitazama. Amepata mtu wa kulichukua, mtu wa hoteli anayepanda maua kwenye vitu vya zamani. Nilimwambia sawa. Mtoto ni mtoto. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Kemuma alikumbuka kwamba jana mwendesha bodaboda mmoja alimwambia aliona lori barabarani ng'ambo ya kijito, asubuhi ya Sabato, mlango wake wa nyuma umeshushwa kama linalongoja mzigo. Omosa alisema ni lori la mbao. Katika nchi hii kila lori lisilojulikana ni la mbao.

Mjane alipokwenda kukaa juu ya gogo, Kemuma alimvuta fundi kando.

"Nataka uwe mwizi," alimwambia.

"Afande!"

"Kwa dakika moja. Ni Sabato asubuhi. Unakuja kuliwasha trekta. Ndani hakuna hata tone la petroli kwa sababu mzee amelifunga, lakini wewe hujui ile koki ya kufichwa. Utafanya nini?"

Owino aliutazama mkaratusi, midomo yake ikicheza. "Nitazungusha hendeli mpaka jasho. Nitaangalia koki ya zamani, naona iko wazi. Nitasema petroli iko lakini haifiki. Basi nitalegeza skrubu ya kabureta, ndiyo iingie nyingi." Alitikisa kichwa kwa dharau ya kitaaluma. "Kila mtu hulegeza skrubu. Watu wakiona skrubu wanafikiri ni dawa ya kila ugonjwa. Nitalegeza, nizungushe. Nitalegeza tena."

"Na litawaka?"

"Litawakaje? Bakuli ya kabureta iko kavu. Linaweza kuwaka tu..." Akakoma.

"Endelea."

"Linaweza kuwaka tu kama mtu mwenye anajua anakuja kufungua koki."

"Mzee angelegeza skrubu?"

"Mzee? Alikuwa anaogopa hiyo skrubu kama nyoka. Hata kugusa hakuwa anagusa."

"Kwa hiyo mmoja alilegeza skrubu kwa kutojua, na mwingine akafungua koki kwa kujua," Kemuma alisema polepole. "Walikuwa wawili, Owino. Mmoja akaendesha. Mwingine akatembea nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu, kama wazee wanavyofanya mlimani. Trekta likajinyonga kwa petroli nyingi, likafa, likarudi, na jiwe halikuwahi."

Fundi alijishika kichwa kwa mkono wenye pingu. "Sasa unanifungua?"

"Bado. Sijui ni nani, na Inspekta atasema huyo wa pili ni hewa. Lakini kuna jambo moja. Aliyekuja jana bila kuijua koki, sasa anaijua." Akamrudishia spana. "Rudisha plagi. Liponye kwanza."

Fundi alizisugua plagi kwa waya, akazirudisha, akaikaza skrubu mpaka mahali alipopakumbuka. Kisha akasimama mbele ya trekta, akaingiza hendeli, akavuta mara moja, ya pili, na injini ikaamka kwa kikohozi kilichotikisa matone kutoka kwenye majani ya mkaratusi. Ng'ombe waliinua vichwa. Nyakerario, pale juu ya gogo, alifumba macho.

Waliiacha ipate joto. Owino alisema injini baridi hudanganya, husema ina njaa hata ikiwa imeshiba. Ilipochangamka alichukua bisibisi, akageuza skrubu kidogo kuelekea ndani. Mlio ukawa mwembamba, ukaanza kuchechemea, chafya moja ikatoka kwenye kabureta. Akarudisha. Akaendelea kulegeza hadi mlio ukawa mzito, wa usingizi, na uzi wa moshi mweusi ukapanda ndani ya ukungu mweupe. Akarudi tena katikati, nywele kwa nywele, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, na kwa muda ule pingu, faili na mahakama vilikuwa vimemtoka akilini. Mlio ukajikusanya. Ukawa mmoja, laini, wa kulala nao. Ukungu uliuchukua ukaupeleka malishoni na kuurudisha kutoka upande mwingine, hata mtu asingejua trekta liko wapi. Kule langoni Syprose alisimama. Alikuwa ameitambua kazi ya mumewe.

"Hivyo ndivyo niliiacha," Owino alisema.

"Hivyo ndivyo lilivyokuwa Ijumaa," Nyakerario alisema, macho bado yamefumbwa.

Kemuma alipeleka mkono nyuma ya sanduku, akaifunga koki ya Sabato, akaurudisha mpira juu yake. Injini ikaendelea kunguruma, ikinywa akiba yake, kisha ikasita, ikazima. Alimfunga tena Owino pingu, akamweka mbali kidogo, chini ya mkaratusi, na kumwomba mjane jambo moja tu: chochote atakachoona, asiseme mpaka aulizwe.

Ochoki alifika ukungu ulipoanza kugeuka manyunyu. Alikuwa mtu mzima mwenye koti zuri la suti na buti za mpira, na macho yaliyokosa usingizi. Alimkuta Owino pale akasita.

"Huyu anafanya nini hapa, Madam? Watu wakijua yuko kwa hii boma..."

"Tulikuwa tunalipima trekta. Pole kwa msiba."

"Asante. Ni mapenzi ya Mungu."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, Nyanchwa. Mama alinipigia simu saa nane. Nikakuja mbio."

"Trekta hili uliligusa lini mara ya mwisho?"

Ochoki alicheka kicheko kikavu. "Wueh! Nikiwa darasa la nane, Madam. Tata, mzee wangu, hakuwa anapenda niiguse. Hata sijui kama inawaka na nini siku hizi."

"Nasikia unataka liondoke."

"Leo, kama inawezekana. Kuna mtu ameniambia atatuma lori. Si mambo ya biashara. Ni uchungu tu. Mama hawezi kupona kama anaiona kila siku."

Kemuma alimtazama kwa upole, na upole huo haukuwa wa kuigiza. "Sisi tumemaliza kulipima. Kama litawaka na kupanda hadi barabarani kwa nguvu zake, lipeleke. Kama haliwaki, litabidi lingoje gari la kulivuta, na kesho kuna mahakama, keshokutwa sijui. Hendeli ndiyo hiyo."

Ochoki alitazama barabarani, akamtazama mama yake. Akavua koti, akalitundika kwenye usukani, akashika hendeli.

Alizungusha. Injini iligeuka bila kujibu. Akazungusha tena kwa nguvu zaidi, akapumzika, akazungusha, na manyunyu yakachanganyika na jasho usoni mwake. Maji ya kijito yalisikika, na ng'ombe waking'oa majani. Akatukana chini kwa chini kwa Ekegusii, akamkumbuka mama yake, akaomba radhi. Mara moja aliitupia jicho kabureta, lakini hakuigusa. Aliuzunguka ubavu wa trekta huku akipangusa paji la uso kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaingia nyuma ya sanduku la vifaa.

Hakutazama. Mpira ulitoka, koki ikageuka. Kisha akasimama akangoja kidogo bakuli lijae, jinsi afanyavyo mtu aliyefundishwa vizuri, akarudi mbele na kuvuta hendeli mara moja. Trekta likawaka, likaimba.

Ochoki alinyanyuka akitabasamu, na tabasamu lile likamkuta mama yake amesimama.

"Nani alikuonyesha hiyo koki?" Kemuma aliuliza.

"Koki gani?" Alikuwa bado ameushika ule mpira mweusi. Akautazama. "Hii? Mama. Mama aliniambia."

"Mimi?" Nyakerario alisema.

Hilo tu ndilo alilosema, lakini Ochoki alikaa chini kwenye matope, na suruali yake nzuri.

Kemuma alichuchumaa karibu naye. "Lori lilikuwa linangoja jana," alisema. "Uliona watu wote wamekwenda kanisani. Hukujua kwamba yeye amebaki. Ulizungusha, likakataa, ukalegeza skrubu, likakataa. Akakusikia."

"Alitoka na shuka," Ochoki alisema. "Nilifikiri atanipiga na fimbo. Akauliza tu, unafanya nini na trekta siku ya Bwana. Sikuweza kumwambia nimeiuza. Sikuweza, Madam! Hii trekta aliipenda kuliko..." Hakumaliza. "Nikamwambia kuna ng'ombe ametumbukia kwa mtaro, huko juu karibu na barabara. Nikajua ni hiyo tu anaweza kukubali. Yeye mwenyewe alikuwa anatufundisha hiyo, tukiwa wadogo. Ng'ombe akitumbukia siku ya Sabato, unamtoa."

Kemuma aliiona tena kamba ya katani, imekunjwa vizuri juu ya bega.

"Akanionyesha koki. Akasema nisimwambie mtoto yeyote. Akachukua kamba, akachukua jiwe pale njiani, akasema mimi niendeshe, yeye atakuja nyuma azuie gurudumu. Ilikuwa inatoa moshi, nikaona itazima. Ikazima. Nilikanyaga breki, Mama, nilikanyaga na miguu yote miwili!"

"Ukakimbia," Kemuma alisema.

"Nilikimbia kwa lori. Tukaenda."

"Na leo asubuhi, ulipoambiwa fundi amekamatwa?"

Mvua nyepesi ilimwangukia Ochoki shingoni. Kemuma alisimama, akamwendea Owino, akafungua pingu zote mbili. Hasira ilikuwa imempanda, na ili isionekane alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuutoa ufunguo.

"Nenda kwa mkeo," alimwambia. "Usiku mmoja ndani, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuletea chai."

Owino alijisugua mikono. Alitazama juu langoni, Syprose alikokuwa ameanza kushuka mbio, leso ikipepea, lakini hakwenda bado. Trekta lilikuwa linanguruma, na hakujua kama ni adabu kuliacha hivyo. "Mama," alimwambia mjane, "nizime?"

Nyakerario alikuwa amemfikia mwanawe. Alisimama juu yake na fimbo yake, mdogo ndani ya shuka mbili. "Usizime," alisema. "Funga koki."

Fundi alifunga koki ya Sabato. Wakangoja wote, askari na fundi na mama na mtoto, wakati injini ikimaliza kilichobaki. Iliimba sawasawa hadi karibu na mwisho, kisha ikasita, ikavuta pumzi, ikakoma, na bonde likawa kimya kama jikoni mwa Nyakerario siku ya Ijumaa jioni.

"Hao ng'ombe wangu wote walikuwa nyumbani," mjane alisema. "Ulimwambia ng'ombe ni wa nani?"

Ochoki alitikisa kichwa.

"Hakuuliza, Mama."